Mizani ya Migebuka Ndiyo Iliyonifungia Beringi

Nianze kwa kujisifu kidogo. Gari langu sasa linakwenda Uvinza na kurudi limebeba chumvi, na likisimama, weka kiganja kwenye habu ya mbele, kile kitovu cha chuma kinachofungwa tairi: utakiacha hapo mpaka uchoke mwenyewe. Vuguvugu tu, kama chai iliyosahauliwa mezani. Miezi mitatu iliyopita ningekuambia lete yai tukaange.

Ni Land Cruiser pikapu ya mwaka 1997, ile ya mkonga, injini 1HZ. Nabebea chumvi ya Uvinza, mawese ya vijiji vya kusini, na mwezi ukiwa giza nabeba dagaa wa Kibirizi. Ngurumo niliisikia kwanza kwenye lami ya Kidahwe. Chini ya spidi 50 kimya. Ukigusa 60 unasikia kama nyuki wamefungiwa ndani ya pipa. Ukifika 80 mimi na tingo tunazungumza kwa kupigiana kelele, naye ana sauti ndogo.

Washauri Kigoma hawauzwi, wanagawiwa bure. Wa kwanza, pale Mwanga, akasema balansi. Nikafanya balansi, elfu 20 na kitu ikaenda, nyuki wakabaki. Wa pili akasema tairi za mabonde makubwa ndivyo zinavyolia, nizoee. Nikazihamisha za mbele nyuma, za nyuma mbele. Sauti haikuhama hata hatua moja. Pale pale ningekaa chini nifikiri: tairi imehama, sauti imebaki, basi tairi haina kesi. Badala yake nikafikiri kwa masikio. Nimekaa kulia, usukani uko kulia, ngurumo naisikia chini ya mguu wangu wa kulia. Beringi ya kulia, zile rola zinazoizungusha habu, imekufa. Nani atanibishia?

Jirani yangu, mzee aliyestaafu udereva wa malori, hakubisha. Alivuta kigoda akakaa kusimamia. Nilinunua beringi za bei poa, zimo kwenye boksi zuri lenye maandishi ya Kijapani, na namba zake kwenye chuma zimepigwa kama muhuri wa mtu mwenye haraka. Nikafungua kwa tindo na nyundo, kwa sababu soketi ya milimita 54 ya ile nati ya habu sikuwa nayo. Nati ikatoka kama gunzi lililotafunwa na mbuzi. Beringi za zamani zilipotoka nikaziangalia: safi, zinang'aa. Nikajiambia ubovu uko ndani, hauonekani. Mtu akishaamua, ameamua. Vikombe, zile pete za nje zinazokaa ndani ya habu, nikaviacha vya zamani maana kuvitoa ni kazi na nilivipenda vilivyong'aa. Nikavika beringi mpya kwenye vikombe vya zamani. Usifanye hivyo. Beringi na kikombe chake hununuliwa pamoja na hufa pamoja.

Kisha nati. Mzee akainuka kwenye kigoda. "Mwanangu, beringi ikilegea inakuchomolea tairi njiani. Kaza mpaka ulie." Nikakaza. Tindo, nyundo, kaza. Akasema bado. Nikaongeza. Habu ilikuwa inazunguka kwa kusukumwa kama jiwe la kusagia, na mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika: "Hiyo sasa imekaa."

Kesho yake alfajiri tukaenda Uvinza. Nyuki walikuwepo vile vile, nikasema zinajizoesha. Kurudi, tani moja na ushee ya chumvi mgongoni, tukakaribia Kazuramimba, tingo akanusa. "Bosi, kuna mtu anachoma kitu." Nikamwambia ni mkaa wa kijijini. Baada ya kilomita mbili mkaa ukawa unatufuata. Gari likaanza kuvuta kulia lenyewe, nikasimama. Kutoka katikati ya tairi la kulia ulikuwa unapanda moshi mwembamba, mweupe, wa taratibu kama wa ubani. Nikatema mate kwenye habu. Yaliruka, hayakukaa. Wanawake waliokuwa wanauza viazi kando ya barabara walikuja kuangalia, na mmoja akatusalimia "Mwakeye" kwa sauti ya kutoa pole msibani.

Tulisubiri chuma kipoe mpaka jua likageuka. Nilipofungua, grisi imekuwa lami, rola zimegeuka rangi ya bluu kama shingo ya njiwa, na pete ya ndani imeng'ang'ania mhimili. Niliitoa kwa tindo, pigo moja kwa pumzi, nikiomba nisiukwaruze mhimili, maana huo ukiharibika si beringi tena, ni bajeti ya mahari. Mungu alisaidia. Beringi za zamani, zile safi zinazong'aa, nilikuwa nimezitupa nyuma ya kiti. Nikazirudisha, nikakaza nati kwa vidole na nusu, tukaja mjini mwendo wa baiskeli. Na njia nzima, kwenye mteremko gari likichanganya kidogo, nyuki wale wale. Nilikuwa nimemuua mzima, mgonjwa nimemwacha.

Nililala siku mbili bila kuligusa. Siku ya tatu nikafanya kile ambacho kingenichukua robo saa tangu mwanzo. Nilikwenda barabarani na gari tupu, spidi 60, nikawa nalilaza taratibu kulia na kushoto. Nikikata kulia, ngurumo inapanda. Nikikata kushoto, inashuka, karibu inyamaze. Ukikata kulia uzito wa gari unalalia upande wa kushoto, kwa hiyo anayelia kwa kuonewa ni wa kushoto. Chuma cha chesisi kinasafirisha sauti kama reli. Kulia nilikokuwa naisikia ilikuwa imefika tu, haikuzaliwa huko.

Kuhakikisha, nikalipiga jeki kushoto, nikaegesha kwenye magogo. (Jeki peke yake usiiamini, nina jamaa anayechechemea.) Nikashika tairi juu na chini, nikalitikisa: linacheza. Lakini Land Cruiser hii ina beringi nyingine ndogo, juu na chini ya ile nakeli inayogeuka na usukani, nazo zikichoka tairi linacheza vile vile. Mwanangu akapanda akakanyaga breki, nikatikisa tena. Mchezo umekwisha. Breki inashikanisha habu na nakeli viwe kitu kimoja. Mchezo ukipotea, tatizo ni beringi za habu. Ungebaki, ningehamia kwenye nakeli. Nikaweka ncha ya bisibisi kwenye nakeli, mpini sikioni, mtoto akazungusha tairi: mtu anatafuna karanga zenye mchanga.

Kufungua sina haja ya kueleza, ila kalipa ya breki ifunge kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa mpira wake. Na zile washa za koni sita zinazoshikilia loki ya habu zitakutukana. Usizichokonoe kwa bisibisi. Mafundi wa boti Kibirizi walinipa kipande cha shafti ya shaba. Ukigonga kwa shaba kwenye kifuniko kandokando ya kila stadi (ile bolti isiyo na kichwa), koni inaruka yenyewe kama mbegu ya ubuyu. Soketi ya 54 safari hii nilichongewa na kijana wa welding Gungu kutoka kipande cha bomba. Mbaya kwa sura, lakini nati ilitoka na heshima zake.

Ndani: uji. Grisi nyeupe ya maji ya maziwa, na kikombe cha ndani kina vishimo kama uso wenye ndui. Nikakumbuka. Nikienda kuchukua mawese, baada ya kuvuka Malagarasi kwa kivuko cha Ilagala, kuna vijito ninaviingia moja kwa moja, habu ikiwa ya moto. Chuma cha moto kikizama ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na habu inavuta kama mdomo kwenye mrija. Sili, ile pete inayozuia maji, ikiwa imechoka, habu inakunywa kijito. Siku hizi nikifika majini nasimama kwanza, tingo anakula muwa.

Spea za maana nikaagiza Dar, zikaja kwa basi. Beringi na vikombe vya pande zote mbili, sili, washa za kufungia, nati mpya. Laki tatu ilikatika na nauli ya kifurushi. Vikombe vya zamani habu hii imeviachia nafasi ya kugonga kwa nyuma, unagonga huku, unagonga kule, vinatoka bila kuinama. Kuingiza vipya ndiko watu wanakopasua habu. Shemeji yangu anauza migebuka Kibirizi, ana friza. Jioni nikamfungia vikombe kwenye mfuko wa nailoni, nikavipenyeza chini ya samaki. Asubuhi habu nikaianika juu ya bati jua liiwakie. Saa saba mchana nikafuata vikombe, nikakuta ameshika kimoja mkononi.

"Shemeji, mteja wangu amepima hiki chuma pamoja na samaki. Nimwambie nini?"

Chuma baridi kimesinyaa, habu ya moto imetanuka. Viliingia kwa kugongwagongwa tu, nikitumia kikombe cha zamani kama kibao juu yake. Hicho cha zamani kipasue ufa kwanza kwa grainda, la sivyo na chenyewe kitabana humo humo, uanze kulia upya.

Grisi, ile ya lithiamu namba 2, unaweka fungu kwenye kiganja, unaikandamizia beringi upande wake mpana mpaka grisi ichungulie juu katikati ya rola, unazungusha, unarudia. Kupaka kwa nje kama siagi ya mkate ni kujidanganya.

Sasa nati, ambapo nilikuwa na kisasi. Kitabu cha kiwanda kinataka ukaze kwanza kama nyutoni-mita 59 huku ukizungusha habu huku na huku ili beringi zikae, kisha ulegeze, kisha ukaze kidogo tu, halafu upime uzito wa kuizungusha habu kwa mizani ya springi: iwe kati ya nyutoni 28 na 56. Kwa lugha ya sokoni, kilo 3 hivi mpaka karibu 6. Mizani ya springi! Nilirudi Kibirizi mbio. Shemeji akanipa ile ya kuning'iniza, ya kilo 25. Kabla ya kuondoka nikaning'iniza kilo 2 za sukari na mfuko wa sembe wa kilo 5, maana mizani za samaki nazijua. Ilisoma sawasawa. Shemeji alinuna mpaka leo kwa kumshuku.

Nikaifunga kwenye mkono wa spana, sentimita 40 kutoka katikati ya nati, nikavuta mpaka isome kilo 15. Hiyo ndiyo 59 yenyewe, bila spana ya kupimia mkazo ya laki tano. Nikazungusha, nikalegeza, nikakaza kwa mkono. Kisha ndoano kwenye stadi ya tairi, breki ikiwa imetolewa isiingilie, nikavuta kwa pembeni: habu ikaanza kwenda kwenye kilo 9. Nyingi. Nikalegeza unywele, 2. Chache. Nikarudi, 4. Nikaweka washa na nati ya pili, nikaikaza, nikapima tena kwa sababu nati ya pili inaisukuma ya kwanza: 5. Nikakunja meno ya washa, moja ndani, moja nje. Upande wa kulia nikaumaliza siku iliyofuata, nusu ya muda.

Baada ya wiki mbili za Uvinza nikapiga jeki tena. Hakuna mchezo. Nyuki wamehama. Mzee jirani alikuja na kigoda chake, akaweka kiganja kwenye habu, akakaa nacho hapo muda mrefu.

"Umeona sasa?" akasema. "Si nilikuambia ukaze?"