Siku Nane za Shwari, na Wimbi la Saa Kumi Jioni

Mpwa wangu aliposhuka kwenye basi la kutoka Dar es Salaam akiwa amekumbatia ubao wake wa kupandia mawimbi, ambao kondakta alikuwa ameutoza nauli ya abiria kamili, nilitambua kwamba nimejitia matatani kwa mdomo wangu mwenyewe. Ni mimi niliyempigia simu na kumwambia aache kuhangaika na foleni za Kigamboni, kwa kuwa sisi watu wa Bagamoyo bahari tunayo mlangoni. Nilichosahau kumwambia, au tuseme nilichokuwa sijakifikiria hata siku moja katika miaka arobaini na ushee ya kuishi karibu na maji, ni kama bahari hiyo ina mawimbi. Ulikuwa mwezi wa tatu mwaka huu, kaskazi imekwisha nguvu na kusi haijaanza, majira ambayo wavuvi wanayaita tanga mbili, na kwa siku nane zilizofuata bahari ilitulia kiasi kwamba kila ngalawa ilionekana na milingoti miwili, mmoja juu na mmoja majini.

Naandika haya kwa sababu tangu siku ya tisa watu hawajaacha kuniuliza nilijuaje siku na saa ya mawimbi kuja, na kwa sababu ushauri tuliopewa katika siku zile nane unanikera hadi leo.

Ushauri wa kwanza ulitoka kwenye simu ya mpwa wangu. Ana programu inayotabiri mawimbi ya pwani mbalimbali za dunia, na kila asubuhi ilitwambia bila haya kwamba Bagamoyo ina wimbi la mita 1.4 linalokuja kila baada ya sekunde 13. Sisi tulikuwa tumekaa barazani, vikombe vya chai mkononi, tunaitazama bahari hiyo hiyo inayosemwa, na wimbi kubwa kuliko yote lilikuwa lile la boti ya mashine iliyopita kuelekea soko la samaki. Mpwa wangu akasema, "Labda yatafika jioni, mjomba." Siku ya pili akasema hivyo hivyo, na siku ya tatu hakusema kitu.

Jibu lilikuwa mbele ya macho yetu, ila lilikuwa kubwa mno hata hatukuliona, nalo ni kisiwa cha Unguja. Wimbi la sekunde 13 halizaliwi hapa kwetu. Linazaliwa na dhoruba za mbali kusini mwa Bahari ya Hindi, linasafiri siku kadhaa, na likifika upande huu linakutana kwanza na kisiwa chenye urefu wa kilomita 85 hivi, kilichojilaza kaskazini hadi kusini kama mtu aliyelala mlangoni. Linavunjikia huko mashariki, kwenye miamba iliyo mbele ya Paje na Jambiani, na sisi tulio nyuma ya kisiwa hatupati hata salamu zake. Kigamboni wanalipata kwa kuwa wao wanatazamana na uwazi ulio kati ya Unguja na Mafia. Programu za namna ile huigawanya bahari katika miraba mipana, na ukiiuliza habari za Bagamoyo inaweza kukujibu kwa habari za mraba ulio nje kabisa ya kisiwa, sawa na mtu aliyeulizwa bei ya samaki wa soko letu akataja bei ya soko la Feri kule Dar es Salaam. Namba iliyotufaa ilikuwa chini yake kwa maandishi madogo, ile ya mawimbi ya upepo, ya sekunde tatu au nne, kwa sababu mawimbi ya mlango wa bahari ulio kati yetu na Unguja hutengenezwa na upepo wa siku ile ile, na upepo ukifa nayo hayachukui muda kufa.

Ushauri wa pili ndio ulioniletea aibu. Rafiki wa mpwa wangu, ambaye inaonekana amefundishwa na wageni, alimwambia kwa simu kwamba wapanda mawimbi wote wa kweli huingia majini alfajiri, kabla upepo wa baharini haujaamka. Maneno hayo ni sahihi kwa pwani inayopata mawimbi ya mbali, kwa kuwa upepo mwepesi unaotoka bara huyakabili na kuyafanya yasimame vizuri kabla ya kuvunjika. Sisi hatukuwa na wimbi la kusimamishwa. Hata hivyo siku ya nne tuliamka saa kumi na moja alfajiri, mpwa wangu akaupaka ubao nta kwa makini kama anayempaka bibi harusi mafuta, na mke wangu akatutazama kutoka dirishani akauliza kama tunakwenda kuvua au kuzika.

Zilikuwa zimebaki siku nne mwezi uwe mpevu, na mtu yeyote wa pwani mwenye akili zake angejua kwamba siku hizo maji ya alfajiri yamekupwa. Mimi nilijua pia, lakini ujuzi wenyewe ulikuwa umelala. Tulipofika ufukweni bahari haikuwapo. Tulishuka kwenye tope, kandambili yangu ya kushoto ikabaki humo na humo imo mpaka leo, tukatembea hatua mia tatu na arobaini (nilizihesabu wakati wa kurudi, kwa hasira) kabla ya kupata maji ya kufika magotini. Hapo tuliwakuta akina mama wanne wakitanda uduvi kwa kanga. Tukawaamkia, wakaitikia vizuri, kisha mmoja wao akautazama ubao kuanzia ncha hadi mkia na kusema, "Wanangu, kama huo ni ubao wa kupigia pasi mmechelewa, bahari imeshapigwa."

Mpwa wangu, ambaye ana kichwa kigumu kama cha mama yake, aliulalia ubao akapiga makasia ya mikono hadi akawa doa, kisha akakaa juu yake kungoja wimbi. Alingoja nusu saa nzima. Upepo wa bara ulikuwa mdogo, lakini ulikuwa ukimsukuma taratibu kuelekea Unguja, na alipotaka kurudi akakuta anapiga mikono mahali pamoja. Ngalawa iliyokuwa ikitoka kuvua ndiyo iliyomrejesha, na nahodha wake alikataa malipo, kisha akakubali elfu kumi na kitu ya kunywea soda na vijana wake. Asiyejua kuogelea vizuri asicheze kabisa na asubuhi za namna hiyo, kwa maana utulivu wa maji humdanganya mtu kuliko mawimbi.

Nahodha huyo nilimfuata mchana akiwa anakalafati mashua nyingine kivulini. Nilimwamkia, nikaketi juu ya gogo, nikamweleza shida yangu kwa kirefu, pamoja na mita 1.4 na sekunde 13. Alinisikiliza huku akisukuma pamba kwenye upenyo wa mbao kwa patasi, pigo baada ya pigo, bila kuinua macho. Nilipomaliza akasema, "Unaulizia mawimbi. Ulizia maji yanajaa saa ngapi na matlai inaingia saa ngapi." Hakuongeza neno.

Nilirudi nyumbani nikachukua daftari la madeni ya duka, nikaligeuza nyuma mbele, nikaanza kuandika. Pwani yetu ni bapa sana. Maji yakiwa yamekupwa, wimbi lolote linalokuja linavunjikia mbali, linajikokota juu ya mchanga na kufika miguuni kama povu la sabuni. Yakijaa kweli kweli, yanafunika tambarare yote na kufikia mteremko wa juu wa ufukwe, na hapo ndipo wimbi dogo linapopata mahali pa kuinuka. Upepo wa baharini nao, ndio matlai aliyoitaja nahodha, katika tanga mbili huja baada ya jua kuipasha nchi kavu, basi hushika nguvu alasiri. Sasa tazama saa zinavyopangana: siku za maji mafu, yaani yanapojaa na kupwa kidogo tu, bahari ya kwetu hujaa mnamo saa nne na kupwa mnamo saa kumi jioni, hivyo upepo ukifika unakuta maji yameondoka. Siku za bamvua, yaani yanapojaa na kupwa kupita kiasi, ni kinyume chake, yanakupwa saa nne na kujaa saa kumi. Mpwa wangu alifika maji mafu. Tulikuwa tukiwangoja wageni wawili ambao saa zao haziwezi kukutana, na bamvua ilikuwa juma zima mbele yetu, tena bamvua ya mwezi wa tatu, ambayo pamoja na ya mwezi wa tisa huwa ndizo kubwa kuliko zote za mwaka.

Ilibaki kujua upepo wa siku gani utakuwa na nguvu, na hapa naomba nijisifu kidogo. Soko la samaki lina wakaangaji, na wakaangaji wana moshi. Asubuhi moshi wao huinamia baharini. Ikifika wakati fulani unasimama wima kama mnazi, unasitasita, kisha unageuka na kuingia majumbani, na hiyo ndiyo matlai imeingia, hata kama uso wako bado haujahisi chochote. Nilikaa pale kila siku na daftari langu hadi wakaangaji wakadhani nimetumwa na watu wa ushuru. Siku ya tano kulikuwa na mawingu mazito upande wa Ruvu, moshi ukageuka saa sita na nusu, na jioni mawimbi yalifika kwenye vifundo vya miguu. Siku ya saba jua lilikuwa kali, moshi ukageuka mapema, lakini maji yalijaa mnamo saa tisa kabla upepo haujakomaa. Nikaandika pembeni: bado mbili.

Siku ya tisa, mwezi ukiwa na siku kumi na sita, anga lilikuwa jeupe tangu alfajiri. Saa nne kasoro moshi ulisimama wima, na saa nne na robo ukageuka na kumwingia mama mmoja machoni hata akamtukana anayechochea kuni. Bahari ilikuwa imekupwa mbali sana, nikapata nafasi ya kuchomeka mianzi mitatu kwenye tambarare, kila mmoja umefungwa vitambaa vyekundu shubiri kwa shubiri. Nikamwambia mpwa wangu alale usingizi hadi saa nane. Hakuniamini, ila alilala.

Saa tisa na nusu, kwenye mwanzi wa katikati, tofauti kati ya kichwa cha wimbi na bonde lake ilikuwa shubiri mbili na nusu, yaani kama nusu mita, urefu wa goti la mtu mzima. Anayetoka Kigamboni atacheka, na acheke. Mpwa wangu alianguka mara nne, kwa sababu ubao wake wa futi sita ni mfupi mno kwa mawimbi dhaifu yanayofuatana upesi, lakini mara ya tano alisimama na kuteleza kwa muda wa kutosha kusema Bismillahi mara tatu. Watoto wa mtaani, waliokuwa wakilalia vipande vya mbao za mashua mbovu, walipata mawimbi mengi kuliko yeye. Mimi nilipanda moja kwa tumbo, nikashangiliwa, nikajaribu la pili, na ubao ukanipiga kwenye ugoko mahali ambapo alama bado ipo. Yote hayo yalidumu dakika arobaini au hamsini, hadi maji yalipogeuka.

Tangu hapo nusu ya chini ya ubao wa chaki ambao mke wangu anaandikia bei za vyakula ni mali yangu. Mstari wa kwanza huwa ni ule wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na wakitoa angalizo la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, siandiki kingine chochote chini yake, kwa maana huu si mji wa kudharau bahari, nayo kimbunga cha Aprili 1872 ndicho kilichobomoa majengo ya misheni yetu. Mstari wa pili ni saa ya maji kujaa, na wa tatu ni saa ya moshi. Kusi ikishika, miezi ya sita na saba, moshi haunisaidii tena, kwa kuwa upepo unaweza kuvuma kutwa kucha, na mstari huo ninauacha wazi.

Sasa tuko katika tanga mbili ya pili, mwezi wa kumi na moja, na bahari imelala tena. Jana mpwa wangu ameniandikia kwamba programu yake inaonyesha mita 1.6 na anauliza kama apande basi la leo. Nilikwenda sokoni kwanza, kisha nikamjibu: "Maji mafu, moshi umegeuka saa saba, usije. Njoo wiki ijayo bamvua ikishika, uwe ufukweni saa tisa, na utafute ubao mrefu."