"Kolonel alitokaka kwetu muzima"

Neno la Mama Furaha, jirani anayedai Bijou, sungura wangu, alimwambukiza ugonjwa Kolonel, dume lake, bado limenikaa kooni. Tulikuwa robineni, kwenye bomba la maji, asubuhi, foleni ndefu, bidoni zimepangwa hadi kwenye ngazi, na kila mtu anasikia kila mtu. Hakunisalimu. Alikuwa anatazama maji yanavyoingia katika bidoni yake, akasema hivi: "Mama Asifiwe, Kolonel alitokaka kwetu muzima."

Nikamjibu: "Na sasa?"

"Sasa ni mie nakuuliza."

Akajitwika bidoni, akapanda zake. Wamama waliobaki walitazama chini, mmoja akacheka kwa pua.

Na sasa! Hilo ndilo nililoweza kutoa. Tangu siku hiyo nimemjibu Mama Furaha majibu mazuri sana, yote nikiwa peke yangu. Niko sekretaria nachapa TFC za watu, zile kazi za mwisho za chuo, vidole vinakwenda vyenyewe, kichwa kiko robineni: mama, dume lako lilikula majani yangu wiki nzima, lilikuomba ruhusa ya kujikuna? Mama, nikuletee daktari apime nani alimpa nani? Wiki hii shemeji ameoa, umeme ulikatika tena, benki bado zimefungwa, na mimi hata kanisani, maharusi wanavishana pete, nasikia tu "alitokaka kwetu muzima".

Kolonel ndiye lile dume jeupe tuliloliazima ili Bijou apate watoto. (Hata mimba yenyewe haikushika.) Na Bijou akaanza kutikisa kichwa, sikio moja likalegea, akawa anajikuna kwa mguu wa nyuma hadi manyoya ya shingo yanatoka. Mama mkwe alitaka tumpake mawese na petroli sikioni. Mawese sawa, yanalainisha. Petroli nilikataa, ngozi ile ilikuwa tayari imechubuka.

Ugonjwa wenyewe naujua kuliko ninavyopenda, kwa sababu kuna mwanafunzi wa kilimo aliyeniletea kazi yake ya mwisho niichape, na sura nzima ilikuwa juu ya upele wa masikio ya sungura. Niliichapa polepole kuliko zote, namsimamisha, namuuliza. Utitiri wenyewe kitabuni unaitwa Psoroptes cuniculi. Hauchimbi ndani ya ngozi kama ule wa upele wa watu. Unakaa juu, ndani ya sikio, unatoboa na kufyonza majimaji, na majimaji hayo yakikauka pamoja na uchafu wake ndiyo yanakuwa ule ukoko. Kutoka yai hadi mdudu mzima ni wiki 3 hivi. Sungura mwenye wachache anaweza kula, kuruka, kupanda jike, na usijue kitu. Nilipofika hapo kwenye kuchapa niliacha mashine kidogo. Kwa hiyo Kolonel anaweza kuwa alikuja nao. Na Bijou vilevile anaweza kuwa alikuwa nao anamngoja. Hakuna robine duniani inayoweza kuamua kesi hiyo.

Lakini aya iliyofuata ndiyo iliyonikasirisha. Mdudu huyu akiachana na mnyama anaweza kuishi hadi wiki 3 ndani ya mbao na nyasi za kibanda. Na dawa inaua wazima, haiui mayai, ndiyo maana sindano inarudiwa baada ya siku 10 hadi 14. Na wanatibiwa wote waliogusana, si yule anayejikuna peke yake. Wote. Maana yake na wa Mama Furaha. Kwa sababu mimi na mama yake hatusalimiani, lakini Asifiwe na Furaha wanapitisha sungura kwenye tundu la fensi kila jioni kana kwamba hakuna kilichosemwa. Nimtibu Bijou mpaka apone, nichemshe maji nisugue kibanda, nichome nyasi, halafu wiki ijayo mtoto anirudishie utitiri kifuani, amemkumbatia.

Nilikaa na hilo siku kadhaa. Baba Asifiwe aliniambia tuwale wote, kesi iishe. Asifiwe alisikia. Alisema mwenye jina haliwi, akaondoka mezani.

Basi Jumamosi nilikwenda.

Niwaambie kwanza habari ya chupa. Dawa ya Bijou, aivermektini, ni dawa ya ng'ombe, kila mililita ina miligramu 10, na veterineri, daktari wa mifugo, alimpigia Bijou hesabu ya miligramu 0.2 kwa kila kilo. Bijou ana kilo 3. Inakuja mililita 0.06, tone dogo kabisa, serenge ya kawaida haiwezi hata kulipima. Ni lazima ile ya insulini, alama sita tu. Kwenye famasi muuzaji alinipa pole, akauliza kama mwenye sukari ni mama. Nikamwambia ni sungura. Alinirudishia chenji bila neno. Alinionya pia veterineri kwamba zile dawa za viroboto vya mbwa zenye fiproni nisijaribu, zinaua sungura. Sasa chupa nzima kwa matone sita-sita: ningeweza kuchoma sungura wa Kadutu yote, komini yetu hapa Bukavu. Kwa hiyo nilijiambia siendi kupatana na mtu, naenda kwa sababu dawa ni nyingi.

Mama Furaha alikuwa anapura maharagwe. Nikasema hodi, nikasema nimeleta dawa. Alitazama serenge, akatazama chupa. Akasema: "Si ile ya ng'ombe?" Nikasema ndiyo ile, na ndiyo wanayopewa watu pia, kwa vidonge, dhidi ya upofu wa mto. Mjomba wangu huko porini walimpima urefu kwa fimbo, wakamhesabia vidonge kwa urefu wake. Sijui kwa nini nilimweleza yote hayo, nilikuwa na woga. Karibu nimtajie na Satoshi Ōmura na William Campbell, walioshiriki tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2015 kwa sababu ya kazi iliyozaa dawa hiyo. Mwanafunzi alikuwa ameandika hilo kwenye utangulizi. Nashukuru Mungu niliufunga mdomo.

Akaenda kumtoa Kolonel, akamfunga kwenye kitenge, miguu ndani, kichwa nje.

Jamani, lile sikio. Bijou alikuwa na ukoko mdogo chini kabisa, kwenye tundu. Picha bado ninayo kwenye simu. Wa Kolonel ulikuwa umejaza sikio hadi karibu na ncha, wa kahawia, tabaka juu ya tabaka, kama bugali iliyoungulia kwenye sufuria, na harufu yake. Nilipogeuza kidogo kuelekea mwangaza, pembeni ya ukoko vilionekana vitone vyeupe vinatembea. Mama Furaha akayaleta macho karibu. Akavuta pumzi. Akanyoosha kidole kutaka kuubandua ule ukoko, nikamshika mkono: usiuvute, chini ni kidonda, atatoka damu, dawa ikifanya kazi utaanguka wenyewe.

Tukatazamana. Ukoko mnene namna ile haufanyiki kwa siku mbili. Yeye aliona, mimi niliona kwamba ameona. Na furaha niliyoisikia, Mungu anisamehe, ilikuwa kubwa kuliko ya harusi nzima. Nilikuwa na neno tayari mdomoni, lile la robineni, nilirudishe vilevile lilivyokuja.

Kolonel akapiga teke. Kitenge kikafunguka, akaruka juu ya maharagwe, maharagwe uani kote, Furaha na Asifiwe wanamkimbiza, Mama Furaha ameshika kichwa anacheka, na mimi nacheka, serenge nimeiinua juu nisimchome mtu. Mpaka tulipomkamata neno lilikuwa limepotea. Nilivuta ngozi ya mabegani, nikachoma, ikaisha. Akauliza pesa ngapi. Nikasema acha, lakini chemsha maji usugue mbao, na nyasi zote uchome. Akasema sawa. Hakusema kingine. Jioni Furaha alituletea kopo la maharagwe, baadhi yana mchanga.

Usiku nilifikiri tena, maana ndivyo nilivyo. Bijou alipata sindano mapema, Kolonel alikaa muda wote huo bila dawa. Lazima ukoko wake uwe mkubwa. Haionyeshi kitu. Kesi imerudi pale pale, na cheko lile la pua robineni bado sijajua lilikuwa la nani, ingawa ninamdhania mtu.

Masikio ya Bijou sasa ni ya waridi, safi, unaona mishipa. Jumamosi hiyo hiyo alipata sindano yake ya pili na hakushtuka hata. Ya pili ya Kolonel bado inangoja, na ya wale wengine wa kwao pia, na nitarudi nayo.

Mwenye nyumba anapiga simu tangu jana na sijapokea. Ama anataka tuongeze garanti, ile dhamana ya nyumba, ama amesikia kuhusu ule ufa wa ukuta wa nyuma, na mvua bado hazijaanza vizuri. Baba Asifiwe anasema nipokee tu. Apokee yeye.