Kumrudi Mtoto Pasipo Kumtia Shaka ya Kupendwa

Wazazi wengi ninaozungumza nao huyagawa malezi katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la upendo, nalo lina kukumbatia, kubembeleza, zawadi na maneno matamu. Fungu la pili ni la nidhamu, nalo huja na sauti nzito, uso uliokunjwa na adhabu. Mzazi akiona amezidisha upande mmoja hukimbilia wa pili ili kusawazisha: aliyegomba asubuhi hununua kitu jioni, na aliyedekeza juma zima huamka siku moja akiwa mkali kupita kiasi. Ninaamini mgawanyo huo ndio unaotuchosha sisi na kuwachanganya watoto. Mtoto hutupima zaidi anapokosea kuliko anapofanya vizuri, kwa kuwa akiwa mwema kila mtu humfurahia. Saa ya kosa ndiyo anayotutazama usoni ili ajue kama bado ni wetu.

Mwanasaikolojia Diana Baumrind, aliyefanya utafiti wake California kuanzia miaka ya 1960, aliwachunguza watoto wa umri wa shule ya awali pamoja na wazazi wao, akatofautisha namna tatu za malezi: ya mzazi anayeamuru na kutaka atiiwe bila kuulizwa, ya mzazi anayeachia karibu kila kitu, na ya mzazi anayeweka mipaka thabiti huku akiwa mchangamfu, akimsikiliza mtoto na kumweleza sababu. Watoto wa wazazi wa namna hii ya tatu ndio walioonekana kujitegemea na kujidhibiti zaidi. Kinachonivutia katika kazi hiyo ni kwamba haikumtaka mzazi apunguze mipaka ili upendo upate nafasi. Wazazi wale walidai mengi kwa watoto wao, na papo hapo waliwapa mengi.

Kwa vitendo, ningeshauri mtu aanze na namna anavyotoa agizo, kwa sababu ugomvi mwingi wa nyumbani huzaliwa hapo na si kwenye kosa lenyewe. Mzazi yuko chumba kimoja, mtoto yuko kingine akichezea maji ya ndoo, na agizo linapigiwa kelele kupitia mlango: acha hayo! Halijibiwi, linarudiwa kwa sauti kubwa zaidi, kisha linafuatwa na kitisho, na mwishowe mzazi anafika mlangoni akiwa tayari amekasirika ilhali mtoto bado hajasikia neno lolote la kumwelekeza. Afadhali uende pale alipo mara ya kwanza. Chuchumaa mpaka macho yenu yalingane, mwite kwa jina, mguse bega, ngoja akutazame, kisha sema kwa sentensi moja fupi kile unachotaka kifanyike: weka kikombe chini, halafu kausha mikono yako. Baada ya hapo nyamaza kidogo. Kunyamaza huko ndiko kugumu kuliko yote, maana ulimi unataka kuongeza sababu, lawama na kumbukumbu za jana, lakini mtoto mdogo huhitaji muda wa kuliacha jambo moja akilini na kushika lingine, na kila neno tunaloongeza humrudisha mwanzo.

Zingatia pia kwamba ukimwambia mtoto asikimbie, amejua kisichotakiwa ila hajaambiwa kinachotakiwa. Ukimwambia atembee akiwa amekushika mkono, ana kazi ya kufanya. Usiulize kama jibu la hapana hulipokei, kwa mfano kumwuliza kama yuko tayari kulala wakati umeshaamua kwamba saa ya kulala imefika. Mwachie uamuzi pale tu ambapo upo kweli: alale na taa ikiwa imewashwa au imezimwa, aanze na mswaki au na nguo za kulalia. Na kabla ya kumkatiza mchezo, mpe taarifa anayoweza kuiona kwa macho, kama vile kumwambia kwamba mnara huo ukikamilika mtaondoka, kwani mtoto mdogo hana kipimo cha dakika kichwani.

Agizo likishatolewa, lisimame. Mtafiti Gerald Patterson, pamoja na wenzake huko Oregon nchini Marekani, alitumia miaka mingi kutazama familia zikiishi majumbani mwao, akaeleza mzunguko ambao kila mzazi ataufahamu. Mzazi anakataza, mtoto analia, mzazi anapaza sauti, mtoto anapiga mayowe, mzazi anachoka na kukubali, nyumba inatulia. Utulivu ule unawafunza wote wawili: mtoto amejifunza kwamba mayowe yanalipa, na mzazi amejifunza kwamba kukubali kunaleta amani, kwa hiyo safari ijayo kila mmoja ana sababu ya kurudia alichofanya, na mara nyingi kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana napendelea makatazo machache yanayosimama kuliko mengi yanayoyumba. Kama jambo si la kufia, liruhusu mapema, kabla ya kilio, wala usilikatae kwa mazoea kisha ukalitoa baada ya kushindwa.

Mzazi anayeamua kuuvunja mzunguko huo anapaswa kujua kwamba hali huwa mbaya kwanza kabla ya kutengemaa. Mtoto aliyezoea kupata kwa kulia, asipopata, atalia zaidi na kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu anajaribu kwa bidii njia ambayo siku zote imemfaa. Wengi hukata tamaa hapohapo wakidhani mbinu imeshindwa, na hivyo humfundisha mtoto kwamba siri ni kulia zaidi. Kaa karibu naye, usimkaripie wala usimkejeli, mwambie unaona amekasirika na kwamba jibu halibadiliki, kisha endelea kuwapo. Hapo anapokea mawili kwa wakati mmoja: mpaka haukusogea, na wewe hukuondoka.

Kuhusu adhabu sitasema mengi. Matokeo ya kosa yawe mafupi, yaje mapema na yahusiane na kosa: aliyemwaga kwa makusudi afute, aliyerusha mpira ndani ya nyumba auone mpira ukiwekwa kando hadi kesho. Ama kuhusu kupiga, msimamo wangu ni kwamba hatukuhitaji. Sweden ilikuwa nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku adhabu zote za viboko kwa watoto, hata nyumbani, mwaka 1979, na mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao kifungu chake cha 19 kinataka mtoto alindwe dhidi ya kila aina ya ukatili akiwa mikononi mwa wazazi au walezi. Utafiti wa miongo mingi umeendelea kuonesha kwamba watoto wanaopigwa huelekea kuwa wagomvi zaidi, wala tabia zao hazinyooki zaidi kwa muda mrefu. Kipigo humwambia mtoto kwamba amekosea, na bado hakimwoneshi afanyeje kesho.

Upendo nao unahitaji utaratibu, jambo ambalo huwashangaza baadhi ya watu, kana kwamba kilichopangiwa muda si cha moyoni. Napendekeza dakika 10 kila siku kwa kila mtoto peke yake, simu ikiwa mbali, na mtoto ndiye kiongozi wa mchezo. Usimfundishe rangi, usimsahihishe, usimwulize maswali ya mtihani. Akijenga, sema unachokiona: umeweka kile kirefu chini ili kisianguke. Mtoto hukutupia jicho la haraka, hunyamaza, kisha huongeza kipande kingine kwa uangalifu mkubwa kuliko mwanzo. Muda huu usiwe tuzo na usifutwe kwa sababu ya kosa lililofanyika asubuhi, la sivyo unageuka kuwa mshahara.

Uso wetu una uzito kuliko tunavyodhani. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Edward Tronick aliwaomba akina mama wacheze na watoto wao wachanga, kisha kwa dakika chache waukaze uso bila kuonesha hisia yoyote. Watoto wale walitabasamu, wakanyoosha mikono, wakatoa sauti ili kumrudisha mama, na walipokosa jibu waligeuka pembeni au wakaanza kulia. Kila nikifikiria jaribio hilo nawaza namna mbili za kuukosa uso wa mzazi ambazo tumezizoea: ule ulioinamia skrini, na ule wa kununa. Kumnunia mtoto kwa saa nyingi baada ya kosa ni adhabu nzito kwake, kwa maana haina mwisho unaojulikana, na inaugusa ule uhakika ambao hatukupaswa kuugusa. Vivyo hivyo kauli ya kwamba hupendwi ukifanya hivyo. Tunaweza kulikataa tendo kwa uzito wote bila kuuweka upendo rehani.

Hivyo baada ya kumrudi, mrudie. Hasira zikipoa, mkalishe karibu, sema kwa ufupi kilichokatazwa na kwamba kitaendelea kukatazwa, halafu mwingie pamoja katika shughuli ya kawaida ya nyumbani. Usimlazimishe atabasamu wala akumbatie. Mkubwa kidogo huenda akataka nafasi yake kwanza, na kijana huzungumza kwa urahisi mkiwa mnatembea au mnafanya kazi bega kwa bega kuliko mkitazamana. Kama ni wewe ambaye hujatulia, mwambie hivyo waziwazi na umwahidi saa ya kuzungumza, kisha itimize hata kama hamu ya mazungumzo imekwisha.

Siku moja atakuja mwenyewe, bila kuitwa, akueleze kwamba amevunja kitu au amesema uongo. Jambo la kwanza kumwambia ni kwamba umefurahi amekuja kwako, na useme hivyo kabla hujauliza kitu kilichovunjika ni kipi. Matokeo yabaki yaleyale ambayo yangekuwapo ungegundua mwenyewe, kwa maana ya kwamba vipande vitaokotwa na ukweli utasemwa kwa aliyedanganywa, ila safari hii nenda naye, umshike mkono, na umwachie yeye azungumze.