Nilivyochagua lobedi ya kubebea mitambo Tanga

Swali la kwanza la kila muuzaji wa lobedi, yaani tela lenye deki (jukwaa la mzigo) ya chini, ni lilelile: "Unataka ya tani ngapi?" Swali hilo mimi nililiweka mwisho. Kibati cha tela kikiandikwa tani 60 bila kutaja urefu, bado hujaambiwa kitu. Tani 60 zilizotandazwa sawasawa kwenye deki nzima ni jambo moja, na mtambo unaokanyaga sehemu ndogo ya deki hiyo ni jambo lingine kabisa. Eskaveta ya tani 22 hukanyaga kama mita 3.7 tu kwa cheni zake za kutembelea. Kwa hiyo niliuliza hivi: lobedi hii inabeba tani ngapi ndani ya mita 3 za katikati ya deki? Asiyekuwa na jibu, au aliyerudi kwenye tani 60 zake, nilimshukuru nikaondoka.

Nilianza na mtambo, kisha barabara, tela likaja la tatu. Kazi za huku zinajulikana: machimbo ya mawe ya chokaa upande wa Pongwe na Amboni, mashamba ya mkonge ya Muheza na Korogwe, na barabara ya kwenda Pangani. Mzigo wa kila wiki ni eskaveta ya daraja la Caterpillar 320 au Komatsu PC200, greda, na shindilia (mtambo wa ngoma wa kushindilia barabara) ya tani 10 hadi 12. Buldoza la D8 lina karibu tani 39, nami nikaamua mapema kwamba hilo silibebi. Kununua tela kubwa kwa ajili ya mzigo unaokuja mara mbili kwa mwaka ni kuburuta chuma cha ziada siku nyingine zote, na chuma hicho nacho kinapimwa mizani.

Hapo kwenye mizani ndipo uamuzi wote ulipolala. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuisimamia Machi 2019, inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, tani 18 kwenye ekseli mbili za nyuma za kichwa (gari linalovuta tela) zenye tairi nne nne, na tani 24 kwenye ekseli tatu za tela zenye tairi nne nne. Jumla ni tani 50 kwa ekseli sita. Kichwa changu kina tani 9, yaani 5 mbele na 4 nyuma. Lobedi ya ekseli tatu niliyoichukua ina tani 12. Weka eskaveta ya tani 22 juu yake, jumla inakuwa tani 43, na inaonekana umebaki na nafasi ya kucheza. Nafasi hiyo inaweza kupotea kwa mita moja tu.

Nieleze hesabu yenyewe, maana madereva wengi hukadiria kwa macho. Kutoka king pini, ile pini inayounganisha tela na kichwa, hadi ekseli ya kati ya tela ni mita 9. Tela tupu linaegemeza tani 4 kwenye king pini na tani 8 kwenye ekseli zake. Nikiweka kitovu cha uzito cha eskaveta mita 4 mbele ya ekseli ya kati, king pini inapata 22 mara 4 gawanya kwa 9, yaani tani 9.8, na ekseli za tela zinapata 12.2. Jumlisha na uzito wa tela: king pini 13.8, ekseli za tela 20.2. Katika zile 13.8, kama tani 1 inakwenda kwenye usukani, zilizobaki zinakaa kwenye ekseli za nyuma za kichwa, ambazo zinafika karibu tani 16.8. Hapo uko salama kote.

Sasa isogeze eskaveta ileile mita moja mbele. King pini inapokea tani 12.2 za mtambo, jumla 16.2. Ekseli za nyuma za kichwa zinafika tani 19, nawe umevuka 18 huku jumla ikibaki tani 43 zilezile. Ndiyo maana nilikataa lobedi zenye deki fupi. Deki ya mita 5 haikupi pa kusogeza mtambo, unabaki pale ilipokulazimisha. Yangu ni ndefu zaidi, nami nimepiga mstari wa rangi nyeupe ubavuni unaoonyesha katikati ya cheni za eskaveta inapotakiwa kukaa. Kumbuka kitovu cha uzito hakiko lazima katikati ya cheni. Uzani wa nyuma ya eskaveta unavuta upande wake, kwa hiyo ukigeuza kabini, mstari nao unahama.

Jambo la pili ni tumbo, yaani nafasi kati ya chini ya deki na ardhi. Lobedi ya chini kabisa, yenye deki ya sentimita 50 kutoka ardhini, inapendeza kwa mtambo mrefu. Toa unene wa boriti wa sentimita 30, chini inabaki nafasi ya 20. Njia zetu za mashambani zinakatisha reli ya Tanga kwenda Arusha, na tuta la reli likiwa na sentimita 25 katikati ya tairi za kichwa na za tela, deki inakaa juu ya reli na gari limekwama hapo hapo. Hakuna kurudi nyuma wala kwenda mbele bila jeki na magogo. Nilichukua deki ya sentimita 95. Gharama yake ni kimo: eskaveta iliyoshusha mkono ina takriban mita 3.2, hivyo juu ya deki unafika mita 4.15, na waya za umeme zilizolegea vijijini lazima uzikague kabla ya safari. Upana nao, karibu mita 3 kwa eskaveta ya namna hii, unazidi wa magari ya kawaida, kwa hiyo kibali cha TANROADS, wakala wa barabara, hutafutwa mapema, si siku ya kupakia.

Shingo (sehemu ya mbele ya tela inayoshika kichwa) inayofunguka, ile ya kupakia kwa mbele, niliichunguza kwa muda mrefu. Ni nzuri kwa shindilia, kwa sababu ngoma laini ya chuma huteleza kwenye ngazi za nyuma. Lakini kuirudisha shingo kunahitaji ardhi ngumu na iliyo sawa, na ukishusha kwenye mchanga wa pwani deki inazama na pini hazilingani. Nikabaki na shingo isiyofunguka na ngazi za nyuma za mita 3, zinazotoa mteremko wa karibu nyuzi 20. Eskaveta inaupanda bila shida. Kwa shindilia natandika mbao kwenye ngazi na sipakii mvua ikinyesha.

Tairi nilichagua 12R22.5, sawa na za kichwa, ili spea moja ihudumie pande zote. Tairi ndogo za rimu ya inchi 17.5 hushusha deki, lakini huzunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilometa, hupata joto na kupasuka mapema.

Tela ni la mtumba, kwa hiyo ukaguzi ulichukua siku nzima. Funga uzi kutoka shingoni hadi mwisho wa deki, tela likiwa tupu. Boriti nzima ina mgongo kidogo kwenda juu, kiwandani huipinda hivyo makusudi ili mzigo ukikaa inyooke. Ikiwa imelala tambarare au imebonyea wakati haina kitu, imechoka, na rangi mpya isikudanganye. Kisha ingia chini, uangalie pale shingo inapokutana na deki. Ufa huanzia kwenye kona ya kuchomelea, na dalili yake ni mstari mwembamba wa kutu unaotiririka juu ya rangi. Pima king pini kwa kalipa: mpya ya inchi 2 ina milimita 50.8, na ikishuka hadi 49 ni ya kubadilisha. Ingiza mtaimbo kwenye bushi za springi uzichezeshe. Fungua valvu za mitungi ya upepo: yakitoka maji ya rangi ya kutu, jua mabomba ya ndani yameanza kuliwa, na hewa ya chumvi ya Tanga itamalizia kazi.

Deki nimeiweka mbao za mvule za inchi 2. Cheni ya chuma juu ya bamba la chuma lenye maji huteleza kama sabuni, na hakuna mnyororo unaofidia hilo. Minyororo ni ya milimita 10, daraja la 80, kila mmoja una uwezo wa kufungia wa tani 6.3: minne kwa mshazari kwenye fremu ya chini ya mtambo, si kwenye cheni, na wa tano juu ya mkono, ndoo ikiwa imelala kwenye mbao na pini ya kufunga mzunguko imeingizwa. Minyororo hulegea mtambo unapokaa vizuri kwenye mbao, kwa hiyo kabla ya kufika Muheza utingo ashuke akaze upya, na apitishe mkono karibu na kila haba (kitovu cha gurudumu). Moja ikiwa na joto kuliko wenzake, breki yake inashika, na hapo hapo ndipo pa kuifungua, kabla ya grisi haijayeyuka.