Ngao ya Mgiriki, posho ya Mwajemi

Mjadala wa Wagiriki na Waajemi wa kale ukizuka hapa Nairobi, mara nyingi huwa umeshaamuliwa kabla haujaanza: Wagiriki ni uhuru, Waajemi ni utumwa. Ajabu ni kwamba wengi wetu tulikutana na Waajemi kwanza kwenye Biblia, na humo Koreshi, mfalme wa Uajemi, ndiye anayewaruhusu Wayahudi warudi kwao kujenga hekalu. Dola ni ile ile. Mimi napendelea kuuliza nani aligharamia silaha, na nani alipimiwa chakula.

Askari wa miguu wa Kigiriki alijinunulia ngao yake ya mbao, ya mviringo, kipenyo karibu sentimita 90, kilo 7 hivi. Ilimkinga yeye pamoja na ubavu wa kulia wa mwenzake aliyesimama kushoto. Mmoja akitoroka, jirani anabaki wazi. Aliyejigharamia hivyo alidai pia kusikilizwa barazani.

Maskini walipata nguvu kupitia bahari. Mwaka 483 KK mgodi wa Laurion, karibu na mji wa Kigiriki wa Athens, ulitoa madini mengi ya fedha, na kiongozi Themistocles akawashawishi Waathene wasigawane fedha hiyo bali wajenge merikebu za vita. Kila moja ilitaka wapiga makasia 170 katika ngazi tatu: 62 juu, 54 katikati, 54 chini, kila mtu na kasia lake. Katika vita vya kisiwa cha Salamis, mwaka 480 KK, Waajemi walipoivamia Ugiriki, mlango-bahari mwembamba uliwabana. Merikebu zao za mbele zikigeuka kukimbia zikagongana na zilizokuwa zikija nyuma yake. Baada ya ushindi ule, sauti ya wapiga makasia Athens ilizidi kupanda. Lakini fedha yenyewe ilichimbwa na watumwa, na hao hawakupiga kura.

Kwa Waajemi, Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, anasema watoto wa kiume walifunzwa mambo matatu tangu miaka 5 hadi 20: kupanda farasi, kutumia upinde na kusema kweli. Kwenye mwamba wa Behistun, katika Iran ya leo, mfalme Dario wa Uajemi aliandika kwa lugha tatu kwamba walioasi dhidi yake walikuwa waongo. Hapo ndipo naona mgongano wenyewe. Athens ilihesabu ubishi wa hadharani kuwa haki ya raia. Kwa mfalme, kuasi na kusema uongo lilikuwa kosa moja.

Ila tazama vibao vya udongo vya Persepolis, mji wa wafalme wa Uajemi. Vimeorodhesha posho za wafanyakazi, wanawake kwa wanaume, na mama aliyejifungua aliongezewa nafaka: wa mtoto wa kiume mara mbili ya wa kike. Ubaguzi upo, na posho haimaanishi mtu alikuwa huru kuondoka. Hata hivyo, karani alimwona mzazi yule na kumwandika.

Kushindwa kwa Waajemi katika vita vya Plataea, huko Ugiriki, mwaka 479 KK, hakukutokana na woga. Walisimamisha ngao za matete kama ukuta, wakapiga mishale nyuma yake. Ukuta ulipoangushwa, wakaishika mikuki ya Wagiriki kwa mikono mitupu na kuivunja, bila deraya za kuwatosha.

Na mwaka 386 KK Sparta, mji mwingine wa Kigiriki, uliokuwa umepigania uhuru wa Wagiriki wote, ulikubali amani iliyomwachia mfalme wa Uajemi miji ya Kigiriki ya Asia, ili yeye auunge mkono dhidi ya Wagiriki wenzake.