Rigobert Song

Jana usiku usingizi uligoma, nikaishia kutazama mechi za zamani za Kameruni. Nikamkumbuka Rigobert Song, beki niliyempenda na ambaye pia alikuwa akinitia presha kila anaporuka na miguu miwili.

Kombe la Dunia 1994, akiwa na miaka 17, alikula kadi nyekundu dhidi ya Brazil. 1998 akala nyingine dhidi ya Chile! Lakini huyohuyo ndiye aliyepiga penalti ya ushindi fainali ya AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) 2000 pale Lagos, mbele ya Wanigeria wenyewe. 2002 wakatetea kombe. Mechi zake za taifa zilifika 137. Klabu sizitaji zote, ila Liverpool na Galatasaray alipita.

2016 alipata kiharusi, na wengi tulidhani ndiyo basi tena. Februari 2022 akapewa ukocha wa timu ya taifa. Mwezi uliofuata akafungwa nyumbani 1-0 na Algeria, mchujo wa Kombe la Dunia. Marudiano kule Blida, Algeria, Kameruni wakatangulia, wenyeji wakasawazisha dakika ya 118, nikazima redio kwa hasira. Dakika ya 124 Toko Ekambi akafunga, jumla ikawa 2-2, Kameruni wakaenda Kombe la Dunia Qatar kwa kuwa na mabao mengi ya ugenini.

Huko wakaifunga Brazil 1-0. Mfungaji, Aboubakar, alivua jezi kushangilia, akala kadi ya pili ya njano, akatolewa. Kocha wake angemgombezaje, kwa rekodi ile?

Makundi hawakuvuka, na baada ya AFCON ya Ivory Coast 2024 Song akaondoka. Kwangu, ile Blida ilitosha.