Mbalamwezi ya Kibirizi

Jana usiku binti yangu kapiga simu kutoka chuoni. Kapata kibarua cha jioni kwenye stesheneri, anataka baraka zangu. Nikamwambia, "Nipe mpaka kesho, mama." Nikatoka uani. Mwezi ulikuwa mpevu, na kwangu mwezi mpevu mpaka leo ni siku za kusoma.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa gizani, kwa taa. Mwezi ukijaa hawaifuati taa, na mitumbwi hupumzika mwaloni karibu wiki nzima. Mimi nilikuwa nikimwanikia dagaa mama mmoja pale Kibirizi, mwalo wa Kigoma, nipate ada ya chuo cha ualimu, kwa hiyo alama zangu zikawa zinakwenda na mwezi. Testi ya kwanza ya Hisabati iliangukia mbalamwezi: 74. Ya pili ikaangukia giza.

Siku hiyo mitumbwi ilichelewa kuingia. Tulianza kutandaza dagaa kwenye chanja jua limeshachomoza, mama ananihimiza, "Mwalimu, fanya upesi." Mwalimu ndilo jina alilonipa tangu siku ya kwanza, na alilitamka kwa heshima. Sikuoga. Niliingia kwenye mtihani wenzangu wameshaanza.

Swali la tatu nililijua. Nilipoweka kiganja kwenye karatasi, kikanata. Nilipokiinua, gamba moja la dagaa likabaki pembeni ya namba 3, jembamba, linang'aa kama kipande cha kioo. Nikalikwangua kwa ukucha, likahamia mstari wa chini. Nikalikwangua tena, karatasi ikatoboka. Mwenzangu wa kushoto akasogeza kiti. Sikumlaumu, maana harufu hata mimi niliisikia. Mkufunzi akaja, akainama, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Kanawe, binti. Karatasi yako haitaguswa."

Bombani nilinawa mpaka viwiko, uso, shingo. Maji yalikuwa ya baridi, matamu. Nikaegemea ukuta kidogo tu. Nilipofumbua macho, wenzangu walikuwa wanatoka.

31. Mwisho wa muhula nikala sapu, nikairudia, nikafaulu. Ada yote, mpaka shilingi ya mwisho, ilitoka kwenye zile chanja.

Usingizi haukuja. Nimejiuliza kama bila dagaa ningepata alama nzuri zaidi, au nisingekikanyaga kabisa chumba kile cha mtihani.

Asubuhi nimempigia. Ndiyo sijasema, hapana sijasema. Nimemuuliza kwanza hiyo stesheneri inafungwa saa ngapi.